Antivairasi zinatutisha kuliko virusi vyenyewe. Huu upuuzi tuuvumilie hadi lini?

Wakuu, salaam. Leo mtanivumilia kidogo, naandika nikiwa nimekasirika.

Hivi nani aliwaambia hawa wauza antivairasi kwamba ili mtu alindwe lazima kwanza atishwe? Unanunua laptopu mpya, hata stika hujabandua, unakuta ndani kuna antivairasi ya majaribio ambayo hukuiomba. Siku za mwanzo imetulia kama haipo. Muda wa majaribio ukiisha ndipo vituko vinaanza. Kidirisha chekundu kinajitokeza kwenye kona ya skrini: kompyuta yako iko hatarini! Unakifunga, kinarudi. Unaandika barua, kinakaa juu ya barua. Unaangalia mpira, kinakuja kuziba goli.

Nikasema ngoja nibonyeze nione hatari yenyewe ni ipi. Ikazunguka, ikazunguka, ikaniambia imekuta mamia ya "matishio". Mamia! Wengi wakifika hapo wanatoa kadi ya benki. Mimi nikafungua orodha nikaanza kusoma moja moja. Karibu yote yalikuwa kuki za matangazo. Kuki ni vipande vidogo vya maandishi ambavyo tovuti huweka kwenye brauza ili ikukumbuke. Haviwezi kujiendesha, havifuti mafaili, havifungi picha zako. Kweli, kuki za matangazo zinakufuatilia na kuzifuta si vibaya, lakini brauza yenyewe inazifuta bure. Kuziweka orodha moja na trojani, yaani programu hasidi inayojifanya ya kawaida, rangi ile ile nyekundu, alama ile ile ya mshangao, huo ni uongo wa makusudi.

Sasa jaribu kuiondoa uone. Kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa "Endelea kulindwa". Neno "ondoa" limefichwa chini kwa herufi za kijivu ambazo mtu mwenye miwani lazima ainame. Ukilibonyeza unaulizwa una uhakika? Kwa nini unaondoka? Hutaki tukupunguzie bei? Unawasha kompyuta upya, unafungua Task Manager, pale Windows inapoonyesha programu zinazoendeshwa, unakuta michakato yake bado inaendelea chinichini. Inabidi uende kwenye tovuti ya kampuni hiyo hiyo, upakue programu nyingine maalumu ya kufagia mabaki. Programu inayoingia bila kualikwa, inayorusha vidirisha, inayokula memori na inayokataa kutoka: hebu niambieni, hizo si ndizo tabia za kile tulichokuwa tunakikimbia?

Usajili wake nao unajihuisha wenyewe kila mwaka. Bei ya mwaka wa kwanza ni chambo, ya mwaka wa pili inapanda, na sehemu ya kuzima huo uhuishaji imezikwa ndani ya akaunti. Jina la kampuni silitaji, na wala sio moja tu yenye mchezo huu.

Lakini wakuu, hela siyo inayoniuma zaidi. Kinachoniuma ni kwamba hawa watu wamewazoesha wazazi wetu kuamini kidirisha chekundu. Matapeli wakaona mlango uko wazi, wakaingia. Mlinzi anayegonga mlango usiku akipiga mayowe ya mwizi ili aongezewe mshahara, siku mwizi akija kweli nani atajua ni sauti ya nani?

Angalieni huu mchezo, maana kila kompyuta ya nyumbani ninayoitwa kuitazama naukuta. Mzee anafungua tovuti ya kuangalia filamu au kushusha wimbo. Inamwambia: bonyeza "Ruhusu" kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Anabonyeza. Alichoruhusu hapo ni arifa, yaani ameipa ile tovuti kibali cha kumrushia ujumbe kwenye skrini hata akiwa ameshaondoka. Baada ya hapo zinaanza kumiminika kwenye kona ya chini kulia, zikiwa na nembo za antivairasi maarufu zilizoibwa: virusi vitano vimepatikana, ulinzi wako umeisha, bonyeza hapa. Akibonyeza anapelekwa kwenye ukurasa wa kulipia, au kwenye namba ya simu ya "fundi" atakayemwomba amfungulie kompyuta kwa mbali. Na mzee wa watu hana pa kutofautishia, kwa sababu ile ya halali aliyoilipia nayo inapiga kelele hivyo hivyo.

Kwenye kompyuta yenyewe, mara nyingi, hakuna kirusi hata kimoja. Soma yale maandishi madogo kwenye hiyo arifa, utaona jina la brauza na anuani ya tovuti iliyoituma. Ingia kwenye mipangilio ya brauza, sehemu ya faragha na usalama, kisha ruhusa za tovuti, kisha arifa, ondoa kila usichokijua. Zinakatika hapo hapo. Watu wanalipia mafundi wafomati mashine nzima kwa jambo hilo!

Atakayesema natia chumvi, yapo yaliyofika mbele ya sheria. Mwaka 2019 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Office Depot italipa dola milioni 25 na Support.com dola milioni 10 kumaliza madai kuhusu huduma yao ya "kupima afya" ya kompyuta. Mteja alikuwa anaulizwa maswali machache mwanzoni: mashine ni nzito? Inaganda? Akijibu ndiyo hata kwa moja tu, FTC ilisema, kipimo kilitoa majibu kwamba kuna dalili za programu hasidi. Uchunguzi wa kompyuta ulikuwa maigizo, jibu lilishaandaliwa. Halafu mwaka 2024 tume hiyo hiyo ikaibana Avast ilipe dola milioni 16.5, kwa sababu kumbukumbu za tovuti walizotembelea watumiaji wake zilikuwa zikiuzwa kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Programu iliyonadiwa kwamba itakukinga na wanaokufuatilia mtandaoni!

Na hapa ndipo hasira zangu zinapofika kooni, kwa sababu mtumiaji wa nyumbani mwenye Windows hahitaji kununua chochote. Toka Windows 8 ya mwaka 2012, antivairasi imo ndani, leo inaitwa Microsoft Defender. Haina kipindi cha majaribio, haiombi kadi, na kwenye vipimo vya maabara huru ya AV-TEST imekuwa ikipata alama za juu kwa miaka kadhaa sasa. Ukiweka ya kampuni nyingine, Defender hujizima kumpisha mgeni. Kwa hiyo laptopu inayokuja na ile ya majaribio inakuja na mlinzi wake wa bure amelazwa usingizi. Nani anamwambia mnunuzi hilo?

Msinielewe vibaya, sijasema virusi havipo. Vipo na vinauma. WannaCry, kirusi kilicholipuka tarehe 12 Mei 2017, ilikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikafunga mafaili na kudai bitcoin, sarafu ya mtandaoni, za dola 300, hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Hakuna aliyehitaji kubonyeza kitu, ilikuwa inajipenyeza yenyewe kutoka mashine hadi mashine kwenye mtandao. Sasa sikilizeni: Microsoft walikuwa wametoa kiraka, yaani apdeti ya kuziba tundu ililopitia, tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Bure. Aliyekuwa ameweka apdeti zile hakuwa na la kuogopa. Lakini apdeti haina kidirisha chekundu wala wa kuipigia debe, ndiyo maana mtu anaiahirisha kila siku huku analipia "ulinzi wa dhahabu".

Microsoft nao wasijifiche nyuma ya sifa hizo, wana lao. Mwaka 2000 ile barua ya mapenzi, kirusi cha baruapepe kiitwacho ILOVEYOU, iliangusha watu dunia nzima kwa faili lililoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa inaficha mwisho wa jina, mtu akaona TXT akajua ni maandishi tu, kumbe ni programu. Robo karne baadaye, Windows 11 bado inakuja ikiwa imeficha miisho ya majina ya mafaili! Lazima uende mwenyewe kwenye File Explorer, View, Show, uwashe "File name extensions", ndipo uone kwamba "risiti.pdf" yako kwa kweli ni "risiti.pdf.exe". Vilevile Defender ina kinga ya kuzuia programu ngeni zisiguse folda zako za nyaraka na picha, dawa nzuri dhidi ya hawa wafunga mafaili. Inakuja imezimwa, na imefichwa ndani ya Ransomware protection, chini kabisa ya ukurasa wa Virus & threat protection. Ukiiwasha wakati mwingine inagombana na programu za halali, inabidi uziruhusu moja moja, lakini afadhali usumbufu huo.

Virusi vingi ninavyovikuta kweli majumbani vinatoka kwenye programu zilizokrakiwa, yaani za kulipia zilizovunjwa kufuli zitumike bure. Unapewa faili la zip lenye nenosiri, na nenosiri lenyewe wamekuandikia pembeni, 1234. Kwa nini faili la kugawa bure liwekewe nenosiri? Ili antivairasi isiweze kuchungulia ndani. Maelekezo nayo yanaanza na "zima antivairasi kwanza". Mtu anakuomba umfunge mbwa kabla hajaingia uani, na unamfunga! Ndani mara nyingi kuna kijizi kinachokomba manenosiri yote uliyohifadhi kwenye brauza pamoja na kuki za kuingilia akaunti, kikishamaliza kinaondoka kimya kimya. Hakina kidirisha. Hutajua mpaka akaunti zianze kuondoka.

NYONGEZA

Naona maswali ni mengi, najibu kwa pamoja.

Aliyeuliza kuhusu Windows 10: msaada wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine inakubali kupanda hadi 11, panda. Kama haikubali, kuna mpango wa Microsoft wa apdeti za usalama za muda, ufuatilie, usikae hivi hivi ukidhani antivairasi ya kulipia itaziba matundu ya mfumo.

Aliyesema ameambiwa na tovuti abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter ili "kuhakiki ni binadamu": ndugu, usifanye. Hiyo tovuti imeshanakili amri kwenye kompyuta yako, na hapo unaiendesha kwa mkono wako mwenyewe. Kama umeshafanya, kata intaneti, chukua simu au mashine nyingine, badilisha manenosiri ukianza na la baruapepe, ondoa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti zako, kisha sakinisha Windows upya.

Bakapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili yako: diski ya nje, unachomeka, unanakili, unachomoa. Ikibaki imechomekwa, siku mafaili yakifungwa nayo inafungwa.

Mdau wa Linux unayetuambia tuhame Windows, tumekusikia, kama kila mara.

Na kwenu nyote: aliyewahi kurudishiwa hela ya usajili uliojihuisha wenyewe, atuwekee hapa alipitia njia gani. Mimi niliwaandikia kudai yangu, wamenijibu kwa kunitumia kuponi ya punguzo la mwaka ujao.