Nimetozwa hela ya wasomaji 402 walioniaga zamani. Nimehama, na hasira haijaisha

Wakuu, habari za jioni. Niko Ntinda hapa Kampala, umeme wa Yaka umebaki yuniti nne, kwa hiyo nasema yote upesi kabla giza halijaniwahi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, natuma barua kwa imeili kwa watu wanaoipenda lugha hii. Neno moja la mtaani, limetoka wapi, nani analitumia ovyo, basi. Siuzi sabuni, siuzi viwanja vya Mukono. Sasa mwanzoni mwa mwezi huu nimeamka nikakuta kampuni ninayoitumia kusambaza barua imekata dola 27 kwenye kadi, badala ya 13 nilizozoea. Karibu laki moja za Uganda. Maelezo yao ni mstari mmoja: umevuka watu 1,000.

Kwanza nikafurahi, mjinga mimi. Elfu moja, banange! Nikafungua orodha niwahesabu. Wanaopokea barua yangu ni 611. Hao wengine 402 ni watu waliobonyeza wenyewe "niondoe", pamoja na anwani zilizokufa: za shule zilizoacha kulipia domeni (jina lao la mtandaoni), za watu waliosahau paswadi wakafungua nyingine. Jumla 1,013. Yaani kwa watu 13 waliozidi, ambao hata hawapo, bei imepanda maradufu. Ni kama mwenye nyumba akuongezee kodi kwa sababu ya wageni waliolala kwako Krismasi ya mwaka juzi.

Naelewa kwamba anwani ya aliyejiondoa lazima ibaki mahali, la sivyo siku moja nitamrudisha bila kujua naye atanitukana kwa haki. Ibaki. Kuihifadhi ni jambo moja, kunilipisha ni jingine. Tena Sheria yetu ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inasema taarifa za mtu zisikae kupita muda zinaohitajika. Hawa wanazikalia miaka na miaka na kunikatia bili juu yake. Nikawaandikia. Jibu (sijui ni kijana au mashine, siku hizi sauti ni moja) likasema ningeweza kuwaingiza wote "kabatini" na wasingehesabiwa. Kitufe kipo. Kipo ndani ya menyu iliyo ndani ya menyu, na kwa zaidi ya miaka minne hakuna aliyewahi kunitajia. Na hela ya mwezi huu? Hairudi.

Wengi wa hao 402 nakumbuka walivyoingia. Julai 2022 baraza la mawaziri lilipopitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari, walimu wa Masaka, wa Lira, wa wapi, wote walitaka barua. Kwa wiki kama tatu nilikuwa mtu mashuhuri. Baadaye moto ukapoa, wakajiondoa mmoja mmoja. Sina kinyongo nao hata kidogo. Ila sikujua kwamba kuna ada ya kuachwa.

Mtauliza nilifuata nini kwenye kampuni hiyo. Nilikuwa na ukurasa wa Facebook. Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, Facebook ikafungwa nchini, na kesho yake usiku intaneti nzima ikazimwa hadi tarehe 18. Intaneti ikarudi. Facebook haikurudi, na kumwambia mtu awashe VPN, ile programu ya kukwepa kizuizi, ili asome asili ya neno "kabalagala" ni kumtesa. Nikasema bora imeili. Rafiki akanionyesha kampuni hiyo, wakati ule bure. Bure ikapunguzwa, ikapunguzwa tena, mwisho ikawa dola 13.

Hela tuiache kidogo. Kazi yenyewe ndiyo iliyonizeesha. Barua yangu ina maneno 900 na picha moja. Ili itoke, nilitakiwa nifungue "kampeni" (kampeni! kama nagombea ubunge), nichague "hadhira", nichague kiolezo, niburute kisanduku cha maandishi, niburute cha picha, cha picha kikipanda juu ya cha maandishi nikishushe, halafu nijibu lengo langu la mauzo ni lipi. Mtandao ukikatika wakati wa kuhifadhi, aya mbili zimekwenda. Kuna usiku niliandika aya ile ile ya neno "magendo" mara tatu, na ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, ndiyo iliyotoka.

Chini kabisa lazima uweke anwani ya posta, kwa sababu sheria ya Marekani ya 2003 kuhusu imeili za biashara inaitaka, na kampuni imeibandika kwa kila mtu, mfanyabiashara na asiye mfanyabiashara. Nyumba yangu haina namba. Inaelekezwa hivi: shuka steji, pita kibanda cha rolex (chapati ya mayai, si saa), uliza kwa mama wa mkaa. Sanduku la posta nililojaza ni la shule niliyoacha kufundisha 2019. Wakiniandikia, barua ataisoma mwalimu mkuu.

Lakini kilichonimaliza ni simu ya mzee mmoja wa Arua, mstaafu wa jeshi, msomaji wangu tangu barua ya kwanza.

"Mwalimu, hujambo. Nani amekukata ulimi?"

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Umeanza vizuri kutueleza neno afande. Ukasema asili yake ni Waturuki. Halafu kwetu likaletwa na nani? Kimya. Mimi nimelitumia miaka 26, nataka kujua nani kalileta."

Alidhani kuna mkono wa serikali. Kumbe ni Gmail. Gmail hukata imeili inayozidi kilobaiti 102 na kuweka linki ndogo ya Kiingereza pale chini ubonyeze kuona iliyobaki. Mzee na miwani yake hakuiona. Nikaifungua barua nione ndani kuna nini. Maneno yangu yalikuwa kilobaiti 6. Iliyomfikia mzee, 109. Kilobaiti 103 ni mavazi ya kampuni: majedwali ndani ya majedwali, rangi ya kila mstari imeandikwa upya, linki zangu zote zimefungwa mikia mirefu ili zipitie kwao kwanza wahesabu nani kabonyeza. Mtoto mchanga kavalishwa makoti 17 ya mtumba wa Owino, mengine ya kiume.

Mtaniambia kilobaiti mia si kitu. Sawa. Lakini data tunayonunua ina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, uliochukua nafasi ya zile shilingi 200 kwa siku za OTT, kodi ya mitandao ya kijamii, na sioni kwa nini msomaji wangu alipie hata uzi mmoja wa makoti hayo. Na hizo takwimu walizokuwa wakinibembeleza nazo, eti watu kadhaa "wamefungua", zinatoka kwenye kipicha kisichoonekana kilichofichwa ndani ya barua: kikipakuliwa, wanahesabu umefungua. Tangu Septemba 2021 Apple wana mpangilio unaopakua picha hizo wenyewe, mtu awe amefungua barua au hajafungua. Aliyelala naye anahesabiwa amesoma.

Nikahama. Wanaokumbuka TinyLetter wanajua nilichokuwa nakitafuta: sanduku la kuandikia, kitufe cha kutuma, kwisha. Ilianza 2010, Mailchimp, kampuni kubwa ya kusambaza imeili, ikainunua mwaka uliofuata, ikafungwa 29 Februari 2024, kwa hiyo kuililia hakusaidii. Substack, jukwaa jingine la barua kama hizi, niliiangalia. Mwenye nia ya kutoza wasomaji ajue mapema kwamba malipo yake yanapitia Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi, na Stripe haifungui akaunti za Uganda. Mimi sitozi, hilo halikunihusu. Sikutaka tu wasomaji wangu wasukumwe kupakua programu nyingine kwenye simu zilizojaa. Nilipokwenda ni huduma ndogo, jina silitaji msije mkasema nimekula hela. Unaandika maandishi matupu: nyota mbili kila upande neno linakolea, alama ya reli (#) mbele ya kichwa kinakuwa kichwa, ule mtindo wa Markdown alioutoa John Gruber 2004. Barua ya kwanza imetoka ikiwa na kilobaiti 11.

Jasho lilikuwa kwenye kubeba mizigo. Kampuni ya zamani ilinipa faili tatu za CSV (majedwali ya anwani) zenye majina yanayofanana, na nusura niwapakie wale 402 kama wasomaji wapya. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Ukihama, pakia walio hai peke yao, kisha waliojiondoa uwaweke kwenye orodha ya wasioandikiwa, ili hata ukikosea baadaye mfumo uwakatae. Barua zangu 104 za zamani nazo zilikuja vizuri, ila picha zote zilikuwa bado zinaishi kwao. Ukifunga akaunti kabla ya kuzishusha unabaki na fremu tupu. Nimeziokoa zote isipokuwa mbili, na mojawapo ni ya kibao cha Busia chenye Kiswahili ambacho sijawahi kukiona kizuri kama kile. Kibao chenyewe kilishang'olewa.

Halafu domeni. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza: anayetuma kwa wingi lazima domeni yake iwe na SPF, DKIM na DMARC, alama tatu za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwake kweli, na hata sisi wadogo tusipoithibitisha tunaishia kwenye spamu. Ni mistari ya herufi na namba unayoibandika kwenye mipangilio ya domeni. Ya DKIM ilinikataa Jumamosi nzima. Kijana mmoja wa Wandegeya anayetengeneza kompyuta aliitazama, akasogeza kidole kwenye kioo taratibu kama anayesoma Kurani, akasimama katikati: "Mwalimu, hapa kuna nafasi." Nafasi moja, iliyoingia nilipobandika. Akachukua elfu ishirini na soda.

Ninachotaka kujua kwenu: kuna aliyewahi kurudishiwa hela na kampuni ya aina hii akiwa Uganda? Benki inaniambia kwa kuwa niliweka kadi mwenyewe, nimekubali. Nimekubali kulipia watu 402 waliokataa barua yangu?

Nyongeza, saa tatu usiku: kaka uliyeandika "si ungefungua tu kundi la WhatsApp", mzee wa Arua nimemuuliza. Amesema hataki mahali ambapo watu wanamtumia maua kila asubuhi.

Nyongeza, asubuhi: barua ya afande nimeituma upya, nzima. Na kule kwa zamani nimefuta wasomaji wote, orodha inasoma sifuri. Saa kumi na mbili alfajiri imeingia imeili yao: "Hadhira yako inakusubiri!" Nyuma yake ankara ya dola 13, kwa sababu kufuta wasomaji si kufunga akaunti. Kitufe cha kufunga akaunti nakitafuta mpaka sasa. Aliyewahi kukiona anielekeze, kipo menyu ya ngapi?