Naomba ushauri: ushuru wa kuuza nyumba niliyoishi kisha nikaipangisha

Ndugu wanachama, salamu kwenu. Ninakusudia kuuza nyumba yangu iliyoko Nakuru, ambayo niliijenga kidogo kidogo kwenye kiwanja nilichonunua mwaka 2012, nikaishi humo na familia hadi 2022 nilipohamishiwa kazi Kisumu, na tangu hapo ina wapangaji.

Ninavyoelewa, ushuru wa faida ya mtaji (unaotozwa faida ya kuuza mali kama nyumba) ulipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023, na husamehewa mtu aliyeishi mfululizo katika nyumba yake kwa miaka 3 inayotangulia mauzo. Wakili anayeandaa mkataba anasema msamaha huo umenipita. Mhasibu naye anadai miaka niliyoishi humo inatosha, ingawa hakunionyesha kifungu chochote, na kwa kweli naegemea upande wa wakili.

Je, kuna aliyewahi kukubaliwa msamaha huu baada ya kupangisha? Na iwapo ni lazima nilipe, je, taarifa za M-Pesa za malipo ya mafundi, pamoja na ripoti ya mthamini, hukubaliwa na KRA (mamlaka ya mapato ya Kenya) kuwa ushahidi wa gharama za ujenzi, au ni risiti pekee zinazohesabiwa?

Natanguliza shukrani.