Mashine ya kukalia ya kukata nyasi, ekari moja na nusu yenye mteremko Tigoni: nichukue ipi?

Shamba_Tigoni
Wakuu, salamu. Kiwanja ni ekari moja na nusu, Tigoni. Ukitoa nyumba, njia ya gari na mboga, zinabaki kama mita za mraba 4,200 za nyasi za kikuyu tupu, miti imetawanyika katikati. Nyuma ya nyumba ardhi inashuka hadi kwenye mtaro. Mashine ya kusukuma haifui dafu tena, hasa mvua za masika zikianza. Nimeonyeshwa tatu:

1. Ndogo mpya ya gia, injini nyuma, deki (sahani ya chini inayofunika visu) inchi 30, nguvu ya farasi 10.5.
2. Trekta la bustani lililotumika Uingereza, haidrostatiki (mwendo unatoka kwa pampu ya oili, huchagui gia), deki inchi 42, farasi 17.5 silinda moja, lina kapu nyuma.
3. Ile ya mikono miwili inayogeuka papo hapo, ziro-tani, inchi 42, farasi 22 silinda mbili.

Muuzaji anasifu ya tatu kwa sababu ina nguvu zaidi. Lango la uani lina upana wa sentimita 120. Nisaidieni.

FundiSpana
Mkuu, farasi tutawarudia. Pima mteremko kwanza. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, usawazishe kwa pima maji, halafu pima kutoka ncha ile nyingine hadi chini. Ukipata sentimita 27, hiyo ni digrii 15, na ndiyo kikomo cha matrekta mengi ya bustani. Zipo ambazo kitabu chake kinaishia digrii 10, yaani sentimita 18 hivi, na ziro-tani nyingi zimo humo.

Ziro-tani haina usukani wa mbele. Magurudumu ya mbele yanafuata tu, kama ya toroli la dukani. Kugeuka na kusimama vyote vinategemea magurudumu ya nyuma, kwa hiyo yakiteleza kwenye nyasi zenye umande unapoteza usukani na breki kwa mpigo mmoja. Ukiwa na mtaro chini, mimi nisingeigusa hata kwa punguzo.

Sasa hao farasi. Namba iliyobandikwa kwenye boneti ni ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Tigoni iko mita 2,100 na ushei, kwa hiyo robo ya nguvu imekwenda. Farasi 17.5 wanabaki kama 13, na wale 10.5 wanabaki karibu 8. Hao 13 wanatosha deki ya inchi 42 mradi usingoje nyasi zifike magotini. Hao 8 kwa deki ya inchi 30 wanajikokota kwenye kikuyu nzito iliyolowa, lakini wanafika.

MajaniMabichi
Niongeze hesabu ya muda. Deki ya inchi 30 ni sentimita 76. Ukiacha 8 za kupishana, inabaki 68. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ondoa robo kwa kugeuka na kuzunguka miti, unakata kama mita za mraba 2,550 kwa saa. Ya inchi 42 inakata karibu 3,700. Kwa eneo lako ni saa moja na dakika arobaini dhidi ya saa moja na dakika kumi. Nusu saa tu. Kwa hiyo usichague kwa upana peke yake.

Kikuyu yenyewe ndiyo ya kuitazama. Inatambaa juu ya ardhi na kujenga godoro la mashina, majani yako juu tu, chini ni kahawia. Deki pana kwenye ardhi yenye vinundu inazamisha upande mmoja na kunyoa hadi kwenye mashina, na kidonda hicho hakifuniki kwa wiki moja. Hakikisha deki ina vigurudumu vya kuzuia kunyoa, mbele na pembeni, na viwe vinazunguka. Ukishusha deki hadi vikagusa ardhi muda wote umekosea. Viache sentimita moja hivi juu.

Kata ukiacha milimita 40 hadi 50 na usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Masika ni kila wiki. Ukichelewa, pita mara mbili: ya kwanza deki juu kabisa, ya pili siku mbili tatu baadaye.

Kuhusu kapu: kikuyu mbichi ina maji mengi, inaziba njia ya kupandia kwenye kapu. Kusaga majani ndani ya deki nako mvuani kunaacha mabonge. Kata mchana umande ukishakauka, injini iwe kasi kamili, wewe upunguze mwendo. Wengi hufanya kinyume, wanapunguza moto wa injini ili kubana mafuta, kisha wanalaumu visu.

Kipipiri_Juu
Natofautiana kidogo na mwelekeo huu. Ndogo ya gia isidharauliwe. Sanduku la gia halichemki, fundi yeyote wa pikipiki atalielewa, na lango la 120 inapita bila kuuliza. Haidrostatiki ya matrekta ya bei ya chini imefungwa moja kwa moja, haina chujio la nje wala nati ya kumwaga oili. Ikichoka mlimani ni kubadilisha nzima.

FundiSpana
Hoja nzuri, na kwenye kiwanja tambarare ningekubaliana nawe. Shida ya gia ni kwamba unachagua gia kabla ya kuanza kupanda. Kukanyaga klachi katikati ya mteremko kunaiachia mashine irudi. Na penye miti, kila kurudi nyuma ni klachi, mkanda unaliwa haraka.

Shamba_Tigoni
Asanteni. Nimepima. Sehemu kubwa ya nyuma ni sentimita 22. Mita kama sita za mwisho karibu na mtaro ni 31.

FundiSpana
22 ni digrii 12 na kitu, 31 ni zaidi ya 17. Ziro-tani imejiondoa yenyewe. Hizo mita sita za mwisho usizipande na mashine yoyote ya kukalia. Baki na ile ya kusukuma, na hiyo ukate kwa kukingama mteremko. Ya kukalia ni kinyume: panda na kushuka wima, kugeukia juu au chini palipo tambarare, kapu likiwa nusu tu, kwa sababu likijaa uzito unakaa nyuma na mbele panakuwa pepesi ukipanda.

Mimi ningechukua trekta, lakini baada ya kulikagua hivi. Fika bila kutoa taarifa na uguse injini, iwe baridi. Washa. Starta ikizunguka kidogo, ikagota, halafu ikajikongoja, muuzaji atasema betri. Ikiwa betri inasoma volti 12.6, shuku nafasi za vali: kwenye injini za silinda moja za kampuni ya Briggs nafasi hizo zikipanuka, kile kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha hakifanyi kazi, starta inapambana na mgandamizo wote. Kurekebisha ni fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) na nusu saa, milimita 0.10 vali ya ingizo na 0.15 ya moshi. Usilikatae trekta kwa hilo, lishushie bei.

Kisha liendeshe nusu saa nzima hadi haidrostatiki ipate moto, ndipo ulipandishe mlima. Likianza vizuri na baadaye likadhoofika, oili ya ndani imechoka au pampu imekwisha. Hapo ondoka. Na wasikuonyeshe kwa kulisukuma hivi hivi: nyuma kuna wenzo wa kuachia haidrostatiki, uvutwe kwanza.

Zima, chomoa waya wa plagi, vaa glavu, shika ncha ya kisu uitikise juu chini. Ikicheza, beringi za shafti zimekufa. Angalia pia deki chini kwa kutu na ufa pale shafti zinapofungwa. Mwisho, washa tena, zungusha visu, inuka kidogo kitini: injini lazima ife. Isipokufa, kuna mtu ameunganisha waya wa swichi, na hilo lirekebishwe kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

SpeaNaMikanda
Kabla ya kulipa piga picha kibandiko cha modeli, mara nyingi kiko chini ya kiti. Visu vya inchi 42 si vyote sawa; tundu la katikati laweza kuwa duara, nyota ya pembe 5 au ya pembe 6. Mkanda wa deki nao uwe wa namba yake. Wa gari utaingia, lakini haukutengenezwa kulegezwa na kukazwa kama klachi, utaungua.

Kingine, trekta hilo limeishi bondeni. Huku juu kabureta itamimina petroli kupita kiasi: plagi nyeusi ya masizi, moshi, ulaji mkubwa. Agiza jeti kuu (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) ya nyanda za juu ya modeli hiyo. Fundi asikuongopee kwa skrubu, kabureta nyingi za sasa hazina ya kurekebisha mchanganyiko huo. Lango pia: pima deki yenyewe kwa futi ya chuma. Ya kapu la nyuma ya inchi 42 kwa kawaida inapita 120 kwa kubana, ya kumwaga pembeni ni mpaka uinue kile kifuniko chake.

Shamba_Tigoni
Swali la mwisho: likifika nikaona linakata upande mmoja chini, naanzia wapi?

MajaniMabichi
Upepo wa matairi, kabla ya kugusa nati yoyote. Matrekta mengi ya aina hiyo ni psi 14 mbele na 10 nyuma, lakini fuata kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Tofauti ya tairi moja la nyuma inainamisha deki nzima. Kisha liweke kwenye saruji tambarare, geuza visu viangalie kushoto na kulia, pima ncha hadi chini pande zote mbili zilingane. Baada ya hapo geuza visu mbele na nyuma. Ncha ya mbele iwe chini zaidi kwa milimita 3 hadi 10.