Nilimwahidi mtoto siri nisiyoweza kuitunza. Nifanyeje?

MtangaIlemela

Habari za jioni ndugu zangu. Niko mwaka wa mwisho wa shahada ya ustawi wa jamii, nafanya mafunzo kwa vitendo kwenye kata moja ya Ilemela, Mwanza, iliyo kandokando ya Ziwa Victoria. Kwetu ni Tanga, Kisukuma sikijui zaidi ya "mwangaluka".

Shule ilituletea jina la mvulana wa miaka 12, darasa la tano, kwa utoro. Nilipofuatilia daftari la mahudhurio nikaona hakosi ovyo: hupotea siku za giza, mbalamwezi ikitoka anarudi darasani. Mnaoishi huku mmeshaelewa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mitumbwi ikitia nanga saa 10 alfajiri yeye yuko mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anabeba ndoo hadi kwenye chanja za kuanikia. Malipo yake ni sado ya dagaa na shilingi elfu moja, siku nyingine mbili. Anampelekea bibi yake mwenye presha. Wanaishi wawili tu. Bibi nimeshaongea naye, anajua Kisukuma tu.

Juzi nilikaa naye mchangani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba. Akasema, "Ukimwambia mtu, siongei na wewe tena." Nikamjibu sitamwambia mtu. Ndipo akanieleza kuwa tajiri wa mtumbwi, ambaye ni mjomba wake, humpiga kwa mpini wa kasia akimwaga ndoo.

Chuoni tumefundishwa usiri, na kwamba mteja ana haki ya kujiamulia mambo yake. Msimamizi wangu anataka ripoti ioneshe nimetumia nadharia gani. Sijui nadharia iko wapi hapa. Nikisema, nimemsaliti mtoto aliyeniamini. Nikinyamaza, ule mkono hautoki machoni pangu.

Mwanasheria_Nyegezi

Ripoti leo, usilale nalo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuitoa kwa serikali ya mtaa, na wewe ni zaidi ya mwanajamii wa kawaida. Sheria hiyohiyo inakataza mtoto kufanyishwa kazi kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Hata bila kipigo, hiyo saa 10 alfajiri peke yake inatosha. Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi, na namba 116 ni ya bure.

Nansio_mpaka_Mjini

Mdogo wangu, mwenzangu hapo juu yuko sahihi kisheria. Mimi naongeza mpangilio, maana nimefanya kazi hii miaka 17, mingi Ukerewe, na nilipoharibu ni kwenye mpangilio.

Mwaka wangu wa pili kazini binti mmoja aliniambia jambo, nikamwahidi kama ulivyoahidi wewe. Nikaenda kuripoti bila kumrudia. Askari walipofika kwao alinitazama mara moja tu. Alisaidiwa, ndiyo, lakini tangu siku hiyo hakunijibu hata salamu, na yaliyobaki moyoni mwake hakuna aliyeyajua. Kuripoti ilikuwa haki. Kosa langu ni kwamba alizisikia habari zake kutoka kwa mtu wa tatu.

Kwa hiyo kabla hujaenda dawati, leo hiihii, mrudie mtoto. Mwambie: "Nilikuahidi kitu ambacho sikupaswa kuahidi. Kosa ni langu, si lako. Mkono wako unahitaji daktari, na kuna watu wawili lazima niwaambie." Wataje. Kisha muulize yale anayoweza kuamua kweli: nani amsindikize, bibi aambiwe na nani, twende saa ngapi. Huko ndiko kujiamulia kwa mtoto wa miaka 12. Kuamua aendelee kupigwa au asiendelee, huo mzigo si wake.

Hizo kanuni za chuoni nyingi zinatoka kwa Felix Biestek, padri Mjesuiti wa Marekani, aliyeziandika saba mwaka 1957. Watu wanakariri usiri na kujiamulia, wanasahau kwamba Biestek mwenyewe aliziwekea mipaka zote mbili. Siku nyingine mpaka utaje mwanzoni, kabla mtoto hajafungua kinywa: "Nitatunza unayoniambia, isipokuwa nikisikia unaumizwa." Wengine watanyamaza. Wengi wataongea hivyohivyo, kwa sababu watu wa ahadi tamu zisizotimizwa wameshawaona.

Swali moja linanisumbua. Kisukuma hujui, na bibi umeongea naye. Nani alikutafsiria?

MtangaIlemela

Mtoto mwenyewe, dada.

Nansio_mpaka_Mjini

Nilihofia hivyo. Basi bado hujamsikia bibi. Umesikia kile mjukuu anachotaka bibi ajue na wewe ujue. Mtoto asitafsiri shauri lake mwenyewe, na jirani naye asitumike, keshokutwa mwalo mzima utajua. Mwombe muuguzi wa zahanati anayejua Kisukuma.

Kuhusu nadharia: umeshaanza, hujaipa jina tu. Ulipohesabu siku za giza badala ya kuandika "mtoto mtoro", ulimwangalia mtoto ndani ya mazingira yake. Endelea hapohapo. Kaa naye, achore duara mchangani, yeye katikati, kisha kila mtu na kila mahali panapomgusa, mstari mnene kwa anayempa nguvu, uliokatizwa na vistari vidogo kwa anayemchosha. Ann Hartman aliubuni mchoro huo mwaka 1975 kwa ajili ya kazi yetu, na mchanga wa mwaloni unautosha kabisa. Utaona mstari ambao hukuutegemea. Utaona pia kwa nini anabeba ndoo: dawa za bibi. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza ana msamaha wa matibabu kwenye vituo vya serikali. Fuatilia hilo, na uulize mtaani kama kaya yao imo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini. Ukimtoa mtoto mwaloni bila kugusa dawa za bibi, giza lijalo utamkuta mwalo mwingine.

Na hospitali watahitaji PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya aliyeumizwa. Pitieni polisi kwanza.

MamaDagaa_Kirumba

Mwanangu, mimi si msomi, naanika dagaa huu mwaka wa 20. Usiende mwaloni na kizibao cha ofisi wala na askari asubuhi watu wakiwa wamejaa. Tajiri akinusa habari, mtoto anapakiwa mtumbwini anapelekwa kisiwani, kumpata ni kazi. Mfuate shuleni. Na mtafute mama anayeuza uji hapo mwaloni, kila mwalo una wake. Huyo anajua nani kala na nani hajala. Watoto wetu tunawaona wanavyopigwa, tunanyamaza kwa sababu tajiri ndiye anatuuzia ndoo. Nimeandika hili nikiwa na uchungu.

MtangaIlemela

Nimerudi. Nilimfuata shuleni, mwalimu akatupa chumba cha stoo. Nikamwambia maneno yale, sauti ikanitetemeka. Alinyamaza muda mrefu sana. Kisha akauliza kama bibi ataambiwa. Nikamwambia ndiyo, achague nani amwambie. Akasema, "Wewe, ila mimi niwepo."

Hatukwenda mchangani, alichora nyuma ya daftari. Mstari mnene kuliko yote haukwenda kwa bibi, ulikwenda kwa mama wa uji. Humpa kikombe kila alfajiri, hamdai.

PF3 imejazwa, mkono una ufa, umefungwa plasta. Dawati wamemwita mjomba kesho saa 4. Muuguzi alikuja nyumbani jioni kututafsiria. Bibi alisikiliza hadi mwisho, akaushika ule mkono wenye plasta, akauliza swali moja tu: zile dawa zangu, kumbe zilikuwa zinanunuliwa hivi?

Giza linaanza Alhamisi. Mama wa uji ana namba yangu.