Naomba ushauri: picha ya ukutani ya sufu ya kudunga kwa sindano, sebule iko Tegeta

Binti_Tegeta
Wadau, habari za jioni. Nataka kutengeneza picha ya sufu ya kudunga, ile ambayo hakuna rangi wala brashi. Unapanga sufu juu ya kitambaa na kuichomachoma mpaka ishike. Ukubwa sentimita 40 kwa 50, itakaa juu ya kochi. Mchoro ni bahari asubuhi, ngalawa moja yenye tanga jeupe, na mbuyu upande wa kulia. Ukuta ni wa tofali za saruji na upande wake wa pili ni nje.

Nilivyonavyo: sindano 5 za felti (kitambaa cha nyuzi zilizonasana bila kufumwa) zilizokuja bila maelezo, kipande cha khaki nzito, na mabunda ya uzi wa kufumia kutoka Kariakoo. Uzi nikiudunga unashika juujuu tu, nikivuta unachomoka wote. Khaki nayo sindano inapita kwa kulazimishwa.

Nitumie sufu gani, kitambaa gani, na kiasi gani? Na kwa joto na unyevu wetu huu, haitaota ukungu au kuliwa na nondo? Natanguliza shukrani.

Kapu_la_Sufu
Dada, mkono wako hauna kosa, kosa liko kwenye nyuzi. Unyoya wa kondoo una magamba madogo ambayo jicho halioni. Sindano ya felti ina vijino ubavuni karibu na ncha: ikishuka inazama na nyuzi, ikipanda inaziacha hukohuko chini, na magamba yananasana. Akriliki, yaani nyuzi za plastiki za kiwandani, haina magamba hayo, na pamba pia haina. Ndiyo maana ukivuta inakuja yote.

Uzi mwingi wa kufumia wa Kariakoo ni akriliki, hata bunda likiwa na picha ya kondoo. Upime kwa moto. Kata kipande cha sentimita 5, kishike kwa kibano juu ya sinki, kiwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto ukiondoka inazimika yenyewe, na majivu yake yanapondeka kwa vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Usiutupe lakini. Kamba za ngalawa na matawi membamba ya mbuyu yatatoka humo, mradi uushonee kwa mishono midogo, usitegemee kudunga.

Unachotakiwa kununua ni sufu ambayo haijasokotwa. Inauzwa kwa namna mbili: mkanda mrefu uliochanwa, nyuzi zote zikielekea upande mmoja, na matabaka ambayo nyuzi zake zimekatizana. Matabaka yanashika haraka zaidi, kwa hiyo chukua hayo kwa anga, mchanga na shina la mbuyu. Mkanda uwekee bahari, kwa sababu mistari yake inafuata mawimbi bila wewe kuhangaika. Watu hukimbilia sufu ya kondoo wa merino kwa sababu ni laini, lakini kwa picha ya kwanza inachosha: nyuzi zake ni nyembamba mno na kila tundu la sindano linaonekana. Ya kondoo wa Corriedale ni nene kidogo, inashika upesi na inaficha matundu. Ukiona maelezo kwamba sufu imetengenezwa isisinyae kwenye mashine ya kufulia, iache, magamba yake yameshaondolewa au kufunikwa.

Kiasi: kwa 40 kwa 50 weka hesabu ya gramu 100 kwa jumla. Nusu iwe rangi za anga na bahari, 20 hivi za mchanga, zilizobaki ugawe kwa mbuyu, tanga na vitu vidogo. Rangi za kati usinunue. Chukua buluu na nyeupe, vuta, weka juu, vuta tena. Mara kumi unapata buluu ya asubuhi. Acha kabla haijawa rangi moja kabisa, mistari iliyobaki ndiyo inaonekana kama hewa.

Mpita_Njia
Kwani hapo mnada wa Pugu si kondoo wamejaa? Akanyoe mmoja tu.

Kapu_la_Sufu
Kondoo wetu wengi ni wa nywele na mkia mnene. Nywele zile ni ngumu na fupi, hazinasani. Wa sufu wanafugwa zaidi nyanda za baridi, kwa mfano huko Molo, Kenya. Na sufu mbichi ina mafuta, kinyesi na mayai ya wadudu. Kuisafisha ni kazi nyingine kabisa.

Kuna njia ya mkato ya hapa mjini: mitumba ya Karume. Tafuta sweta ambayo lebo inasema "100% wool". Ifue kwa maji ya moto sana na sabuni, ukiisugua kwa nguvu. Itasinyaa na kuwa nzito kama blanketi, na ukikata haifumuki. Hiyo ndiyo kitambaa chako cha chini, bora kuliko hata vinavyouzwa dukani.

Fundi_Sponji
Niongezee kwenye kitambaa. Khaki imefumwa kwa kubana, sindano inapinda na kukatika. Kitenge na shuka vina shida tofauti: ni vyembamba, vinajikunja na kuvutwa kuelekea katikati. Sweta hiyo iliyosinyaa ni namba moja. Kama hakuna, kitani kilichofumwa kwa ulegevu, au felti ya poliesta ya kazi za shule yenye unene wa milimita 2 au 3. Ndiyo, poliesta, chini inafaa, juu haifai. Gunia linakubalika ukiweka sufu nene, vinginevyo matundu yake yatakuchungulia. Kata 55 kwa 65 ili ubaki na ukingo wa kukunja nyuma ya fremu.

Chini ya kitambaa unahitaji sponji. Nenda kwa mafundi wa makochi Keko, wana vipande vinavyobaki. Omba ile ngumu ya kukalia, unene usipungue sentimita 5, upana 30 kwa 30 unatosha kwani utakuwa unaihamisha. Sponji laini ya mto inabonyea pamoja na sindano, sufu haishuki. Ikiwa nyembamba, ncha inagonga meza na kukatika.

Halafu kitu ambacho wengi wanakiacha: kila baada ya dakika chache inua picha kutoka kwenye sponji. Sufu inapita kitambaa na kujishona kwenye sponji. Ukikaa nusu saa bila kuinua, utakuja kuibandua na chembe za njano zimejaa mgongoni, na mbele sehemu zimevutika.

Mama_wa_Rangi
Sindano: namba ikiwa ndogo, sindano ni nene. 36 ya kushikiza haraka, 38 ya kazi nyingi, 40 ya kumalizia na ya mistari myembamba. Zako hazina namba, basi zilinganishe kwa kugusa na kwa ukubwa wa tundu zinaloacha. Inaingia wima na kutoka wima. Ukitaka kuingia kwa mshazari, itoke kwa mshazari huohuo. Usitumie ncha kusogezea sufu kama unatumia kijiti, hapo ndipo zinapokatikia. Kwa picha bapa ncha ikitokeza nusu sentimita hadi moja chini ya kitambaa inatosha.

Mpangilio unaanzia mbali kuja karibu: anga, bahari, mchanga, mbuyu, ngalawa mwisho. Weka tabaka jembamba kiasi cha kuona kitambaa kwa mbali, lidunge lishike kidogo, kisha la pili likikatiza la kwanza. Tabaka nene la mara moja linashika juu tu, ndani linabaki limelegea kama pamba, na baada ya muda linavimba. Zima pangaboi kabla hujaanza, na kausha viganja. Sufu nyembamba inaruka, na mkono wenye jasho unaing'oa ulipoiweka.

Sufu inavutwa, haikatwi. Shika mbali kidogo na mkono mwingine, vuta taratibu, ncha inatoka kama moshi na inajichanganya na jirani yake. Mkasi unaacha ukingo mgumu. Ukingo huo unautaka sehemu moja tu, kwenye tanga. Kwa hiyo tengeneza kipande pembeni: tabaka 3 nyembamba za nyeupe zilizokatizana juu ya sponji, dunga pande zote mbili mpaka ziwe kama karatasi nene, ndipo ukate pembetatu. Ikate kubwa kidogo kuliko mchoro, kwa sababu itasinyaa ukiidungia kwenye picha. Dunga kingo kwanza kwa 40, katikati kidogo tu, ili tanga livimbe kama lina upepo.

Mstari wa upeo wa bahari usiuamini kwa macho. Tandaza uzi ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo, ubane kwa pini, kunja sufu ya buluu iliyokolea iishie hapo. Ukipinda milimita 5, kila mgeni atauona.

Binti_Tegeta
Asanteni sana. Kipande cha kujaribia kwenye felti ya shule kimejikunja pembe zote nne. Nikipige pasi?

Mama_wa_Rangi
Kujikunja kunatokana na kudunga upande mmoja tu, na kudunga sehemu moja hadi iwe ngumu wakati jirani yake bado. Geuza, dunga mgongoni kidogo kwa 38, tembea picha nzima. Pasi ndiyo, ila angalia: felti hiyo ni poliesta, pasi ya moto wa sufu inaweza kuiyeyusha. Weka moto mdogo, kitambaa cha pamba chenye unyevu juu, bonyeza na kuinua, usisugue. Mistari midogo ya kukunjika itaisha ukiivuta kwenye fremu.

Fremu_Mjini
Fremu ya mbao kama ya turubai la mchoraji, 40 kwa 50. Kaza kwa stepla kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembe. Mimi ningeweka kioo, fremu ya kina, kioo kisiguse sufu, kiachwe nafasi ya sentimita 1. Vumbi la Tegeta haliishi.

Kapu_la_Sufu
Kioo Dar? Masika hewa yenye unyevu ikifungiwa humo inatafuta mahali pa kukaa, na ukuta wa nje unapooza fremu. Ukungu unaanzia pembeni, huuoni mpaka umeshakula rangi. Acha wazi, vumbi unatoa kwa brashi laini au mashine ya kufyonza iliyovalishwa soksi ya nailoni mdomoni.

Fremu_Mjini
Jiko likiwa limefunguka sebuleni, mafuta ya kukaangia yatakaa kwenye sufu na brashi haitayatoa. Kama jiko lina ukuta wake, nakubali, acha wazi.

Kwa vyovyote, picha isigusane na ukuta. Kata vipande vya kandambili kuukuu, gundisha kimoja kila pembe ya nyuma, hewa ipite. Na isiwe mkabala na dirisha la jua la mchana, rangi itapauka.

Kapu_la_Sufu
Nondo sasa. Anayekula ni kiwavi, na anapenda kona zenye giza na sufu chafu. Sufu ikifika, au sweta ya mtumba, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, weka friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2. Umeme ukikatika mpaka friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukiitoa usifungue mfuko hadi ubaridi wote uishe, la sivyo maji ya hewani yanatua kama umande juu ya sufu. Karafuu na mwarobaini zinanukia tu. Vidonge vya nafthalini usiviweke sebuleni, mvuke wake una madhara, hasa kwa watoto wachanga. Picha ikishatundikwa, ishushe kila baada ya miezi michache, kagua mgongo.

Sindano ziweke kwenye chupa yenye mfuniko na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Hewa ya pwani inazitia kutu, na kutu inaacha doa kwenye tanga jeupe.

Binti_Tegeta
La mwisho: ncha ikikatikia ndani ya picha?

Fundi_Sponji
Simama hapohapo, usiendelee kudunga, utaizamisha. Pitisha sumaku, hata ya spika mbovu, mbele na nyuma. Ikigoma, bonyeza kwa kijiko ukisikiliza mkwaruzo, kisha ivute kwa kibano kutokea mgongoni. Kipande kinaweza pia kuwa kimebaki kwenye sponji, kwa hiyo pitisha sumaku na huko kabla hujarudisha kiganja juu yake.