Bikabonati ya mama imeshuka hadi 18: mifupa inahusikaje?

Mleta uzi: Wanajamvi, salamu. Mama yangu ana ugonjwa sugu wa figo. Vipimo vya mwisho vilionyesha bikabonati, yaani kemikali ya damu inayopooza asidi, ya milimoli 18 kwa lita, ilhali kalsiamu ilikuwa ya kawaida. Daktari amemwandikia vidonge vya bikabonati ya sodiamu, akasema vitasaidia pia kuilinda mifupa. Ikiwa kalsiamu haina tatizo, mifupa inaingiaje katika suala la asidi? Mama anataka kuviacha kwa kuwa hajisikii vibaya.

Muuguzi mstaafu: Pole kwa kuuguza. Takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Ile kidogo iliyomo katika damu ikipungua, homoni ya parathiroidi huichota mifupani, kwa hiyo damu inaweza kuonekana salama huku mfupa ukiendelea kupungua.

Mwalimu wa baiolojia: Naongezea kuhusu asidi. Figo zinaposhindwa kuitoa yote, uso wa mfupa huipokea hidrojeni ya asidi hiyo na kuachia sodiamu na potasiamu. Hali ikidumu, kabonati ya mfupa hutumika kuipooza asidi hiyo, kalsiamu hutoka pamoja nayo, seli zinazobomoa mfupa huchangamka na zile zinazoujenga huzorota. Ndiyo maana bikabonati inaweza kubaki 18 kwa miezi mingi bila kushuka zaidi, ingawa asidi inaendelea kulimbikizana. Tafadhali mweleze mama jambo hili kwa upole, kwa sababu mfupa hupungua muda mrefu kabla haujauma wala kuvunjika.

Mleta uzi: Nashukuru sana, sasa nimeelewa. Hofu iliyobaki ni sodiamu, kwani ana shinikizo la damu na jioni miguu huvimba.

Muuguzi mstaafu: Hofu hiyo ina msingi, na daktari anapaswa kuisikia wiki hii badala ya kusubiri kliniki ijayo. Mpime uzito kila asubuhi, uandike pamoja na shinikizo lake, kisha uende na daftari hilo. Asiache vidonge wala kuongeza dozi kwa uamuzi wake. Ulizeni pia kuhusu fosfeti, potasiamu, vitamini D na homoni ya parathiroidi, na msimnunulie vidonge vya kalsiamu kabla ya majibu hayo, kwani figo zikiwa dhaifu, kalsiamu ya ziada inaweza kujijenga katika mishipa ya damu.