Kazi ya kwanza Malaba: wa kuamuru ni wengi, wa kujibu barua ni mimi peke yangu

Wadau salamu. Nimevumilia nimechoka, acha niandike hapa, wenye ofisi wasome na vijana wenzangu wanaotafuta kazi kwenye kampuni za kliaringi wasome pia.

Nimeajiriwa kampuni moja ya kutoa mizigo forodhani, jina naliacha, tawi lao la Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wetu wa Uganda. Ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Barua ya ajira ni karatasi moja tu, jina langu, mshahara, cheo ni msaidizi wa oparesheni, na chini kabisa wameandika nitafanya kazi nyingine yoyote nitakayopewa na uongozi. Uongozi ni nani? Hakuna mtu amewahi kuniambia, na mimi nimeuliza, tena nimeuliza kwa adabu.

Kuna supavaiza wa tawi, tunakaa naye chumba kimoja. Kuna meneja wa oparesheni yuko Kampala, huyo anapiga simu asubuhi hadi usiku. Kuna madamu wa uhasibu, naye yuko Kampala, ndiye anatuma pesa ya kazi kwa simu, asipotuma hakuna kinachosogea. Halafu kuna shemeji wa mkurugenzi, hana cheo, hana meza, hayumo kwenye karatasi yoyote ya kampuni, lakini akiingia ofisini watu wote wanasimama na akisema kitu ni amri ati "bosi amesema". Wote wanne wananiamuru, na hapo chombo kinaenda mrama kweli kweli kwa sababu manahodha hawaongei wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja anaongea na mimi.

Sasa sikilizeni hii. Lori lilitoka Mombasa na kontena la mteja wetu wa Kikuubo, kule kwa wafanyabiashara wa Kampala. Kufika Malaba uzito wa kwenye mizani na uzito wa kwenye makaratasi haulingani. Kitu cha kawaida mpakani, unaandika barua ya kuomba marekebisho, unaambatanisha makaratasi, forodha wanaangalia, wakiridhika gari linaondoka. Supavaiza akaniambia andika barua upeleke sasa hivi. Nikaandika. Niko pale kwenye foleni ya kaunta barua iko mkononi, meneja akapiga kutoka Kampala, "usipeleke kitu chochote mpaka niongee na mteja, umenisikia?" Nikamwambia mzee, supavaiza amesema nipeleke. Akasema "supavaiza hakuajiri wewe." Sijakata hiyo simu shemeji naye anaingia kwenye laini ya pili, gari litoke leo leo, bosi hataki stori. Nikampigia madamu wa uhasibu anitumie pesa ya yadi, pale magari yanapoegeshwa, ili gari lisizuiliwe, akasema hawezi kutuma bila meneja kuidhinisha, na meneja sasa simu haipokelewi. Nikarudi kwa supavaiza, akasema kama meneja amekataa basi ongea na meneja, mimi simo.

Dereva wa lile lori ni mzee wa Mombasa, alikuwa amekaa chini ya trela anachemsha chai kwenye jiko dogo la mkaa, tanboi (utingo) wake amelala juu ya turubali. Akaniita, akaniuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, wewe mkubwa wako hasa ni nani, nimpigie mimi mwenyewe?" Nilikosa jibu. Nina barua ya ajira, nina kitambulisho cha kampuni shingoni, na sina jina la kumpa yule mzee. Akanimiminia chai tu.

Gari likalala pale, likalala tena, likaendelea kulala. Na mnajua kontena si letu, ni la kampuni ya meli, ukipitisha zile siku za bure walizokupa kulirudisha tupu Mombasa wanakuchaji kwa kila siku inayozidi, tena kwa dola. Yadi nayo inahesabu. Mteja akawaka, akampigia mkurugenzi mwenyewe. Na mimi ndiye nikapewa barua ya kujieleza, kosa langu limeandikwa "kukaidi maagizo ya wakubwa", imesainiwa na meneja, nakala kwa supavaiza, na mwisho wa mwezi mshahara ukaja umekatwa bila mtu kuniita kunisikiliza.

Nauliza, maagizo ya nani? Ningepeleka ile barua nimemkaidi meneja. Sijapeleka, nimemkaidi supavaiza. Gari halijatoka, nimemkaidi shemeji. Hakuna njia hata moja mimi ningepita siku ile nisiwe na kosa, na watu watatu kati ya hao wanne walikuwa na uwezo wa kulimaliza jambo lile kwa kupigiana simu wao kwa wao, simu moja tu.

Kinachoniuma zaidi ni mahali penyewe tunapofanyia kazi. Malaba ni kituo cha pamoja cha mpaka, maofisa wa Kenya na wa Uganda wanakaa sehemu moja, gari linaloingia Uganda linamalizana na nchi zote mbili huku kwetu, linaloenda Kenya linamalizana kule kwao. Nchi mbili, sheria mbili, bendera mbili, na kila ofisa pale anajua anaanzia wapi anaishia wapi na baada yake makaratasi yanaenda dirisha gani. Serikali mbili zimeweza, kampuni ya watu wachache inashindwa kuandika mstari mmoja kwamba fulani anaripoti kwa fulani?

Na si kitu kigeni. Chuoni tulikaririshwa Henri Fayol, injinia wa migodi wa Ufaransa, aliandika tangu 1916 kwamba mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja. Meneja wetu ana digrii ya biashara, alikariri hayo hayo akafanyia na mtihani.

Najua kuna wa kuja hapa kuniambia kijana heshimu wakubwa, kazi hakuna, vumilia. Mimi nawaheshimu. Nawaita mzee, nawaita madamu, nafika kabla yao naondoka baada yao. Heshima haiwezi kuniambia nifuate amri ipi kati ya mbili zinazopingana. Na hiyo "kazi hakuna" ndiyo fimbo yenyewe wanayotuchapia, kila ukiuliza swali unaambiwa kumbuka bado uko probesheni, yaani kipindi cha majaribio.

Nikaamua kila nikiamriwa kwa mdomo natuma meseji, "Mzee nathibitisha umeniagiza nifanye hivi, naanza sasa." Basi. Supavaiza akanijibu "unanirekodi?" Meneja hajibu kabisa, anapiga simu anafoka, halafu hataki kuandika hata neno moja. Shemeji akaniambia mbele ya watu kwamba mimi ni mjuaji. Jameni, mtu anayeamini agizo lake ni sahihi anaogopa nini likiandikwa? Wanataka amri iwe yao na lawama iwe yangu, na meseji inaharibu huo mpango.

Nimeenda nikasoma Sheria ya Ajira ya 2006. Mwajiri anatakiwa akupe masharti ya kazi yako kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu uanze, pamoja na cheo chako. Sheria haisemi lazima wakutajie mkubwa wako kwa jina, hiyo naielewa. Lakini inasema kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, umsikilize, na ana haki ya kuwa na mtu wake aliyemchagua pale. Na probesheni haizidi miezi 6, wakitaka kuiongeza wanaongeza hadi 6 mingine ila wewe mwenyewe ukubali. Vijana mlio kwenye hizi ofisi za mpakani someni hiyo sheria, mimi hakuna aliyewahi kunitajia.

Wakurugenzi mnaosoma hapa, shemeji yako ukitaka atoe amri mpe cheo na umpe saini, ili gari likilala barua ya kujieleza imfikie yeye.

Jibu langu la ile barua nimeshaandika, nimeweka meseji zote na saa ya kila simu, ila nimesita kulipeleka Kampala kwanza. Kuna mtu hapa amewahi kufika kwa afisa wa kazi wa wilaya pale Tororo kwa mambo ya mshahara kukatwa namna hii? Wanataka uende na nini mkononi, na ni lazima kampuni iwe imekujibu kwanza au naweza kwenda moja kwa moja?